Bibi Kifungu na Redio za Zimamoto

Siku alipomtoa Kamanda wa zimamoto nje ya chumba cha mkutano, Bibi Kifungu hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na raha zake. Alikaa mwisho wa ile meza ndefu yenye mguu mmoja uliowekewa kadibodi usichezecheze, akavaa miwani, akafungua kanuni za manunuzi, na akasema kwa adabu zote: "Kamanda, utatusamehe. Kifungu hakikuruhusu. Wewe ndiye utakayetumia hivi vifaa, kwa hiyo una maslahi. Utusubiri nje, baba."

Kamanda alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye masharubu yaliyoungua upande mmoja na hayakurudi kuota sawasawa. Alikuja na glavu zake za kazi, zile nene za kuingilia motoni, kazibana kwapani. Aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Kisha akainuka na glavu zake, akatoka, na mlango ukafungwa. Hakuna aliyemuuliza amezileta za nini.

Jina la Kifungu alipewa na wenzake wa ofisini, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo yeye hakuwa na kifungu chake. Ukimwomba kalamu atakuuliza unaiomba kwa kifungu gani. Alikuwa afisa manunuzi katika wakala inayonunulia idara nyingine za serikali, na msidhani alipenda vifungu kwa ujinga. Alipoanza kazi alikuta wezi wamejaa tele. Alikuta mkuu wa idara anajinunulia magari kutoka kwa shemeji yake, alikuta kompyuta zimelipiwa na ndani ya maboksi mna matofali. Kanuni ya maslahi ndiyo iliyowakata miguu wale watu, na yeye ndiye aliyeishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Wezi walimwogopa, nami namsifu kwa hilo mpaka leo. Lakini kanuni ile ile iliyowatoa wezi ilimtoa na mwenye shida. Ndani ya chumba kilichonunua redio za zimamoto hapakubaki mtu hata mmoja aliyewahi kusogelea moto mkubwa kuliko wa jiko.

Sifa za redio zenyewe zilitoka wapi? Zilinakiliwa. Wakala ilikuwa imenunua vifaa vya wasoma mita za maji, zabuni ile ilipita bila kesi wala kelele, na ofisini kinachopita bila kelele ndicho kinachonakiliwa. Msoma mita anatembea na vidole vitupu, anagusa kioo, mambo yanakwenda. Basi zabuni ya zimamoto nayo ikaandikwa hivyo hivyo: kifaa kiwe cha kisasa, kiwe na kamera, kiwe na ramani, kiwe na kioo cha kugusa. Kitufe hakukitaja mtu. Ukitaka kuzungumza unagusa picha ya mdomo kwenye kioo, na kioo kinasikia ngozi ya mtu tu. Mzabuni wa bei ya chini akashinda, redio zikapelekwa kwenye vituo vichache vya kuanzia, picha zikapigwa.

Sasa Bibi Kifungu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa mwisho wa mama yao, askari wa zimamoto. Nyumbani aliitwa Kijiko tangu utotoni, kwa sababu alikuwa haingii ndani akasalimia. Aliingia akauliza, "Dada, umepika nini?" Utu uzima haukumponya. Kila alipotoka kwenye tukio, uso bado umejaa masizi, alimpigia dada yake simu na salamu ilikuwa ile ile: "Dada, umepika nini?" Dada alijifanya kukasirika, akamwambia aoe apikiwe na mkewe. Ukweli ni kwamba kila aliposikia ving'ora mjini alikuwa halali, hali, mpaka swali lile lije. Swali lile lilikuwa na maana moja: nimetoka, mzima.

Siku ghala la magodoro lilipowaka, simu haikulia.

Yaliyotokea alihadithiwa na Kijiko mwenyewe, hospitalini, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ghorofani na mwenzake. Ngazi ikakatika, mwenzake akaanguka na kubanwa na fremu ya mlango. Kijiko akatoa redio ya kisasa akaigusa kwa glavu. Kimya. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akaikandamiza ukutani, akaipiga kofi. Kamera ikafunguka, ramani ikafunguka, mdomo haukufunguka. Akavua glavu. Ikakubali mara moja, akaita, wenzake wakaja, yule jamaa akatolewa hai. Lakini sponji ya magodoro inapoyeyuka hudondoka kutoka juu inawaka, na ilidondokea mkono uliokuwa mtupu.

"Vile vidude vina mapenzi kweli," Kijiko alisema, midomo imekauka. "Havitaki glavu. Vinataka ngozi kwa ngozi, kama mchumba." Akajaribu kucheka. "Hivi nani aliyenunua takataka zile, dada? Si watu wa ofisini kwenu?"

Mama yao alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, amemshikilia mwanawe kisigino juu ya shuka, kwa kuwa ndipo palipokuwa salama kushika. Bibi Kifungu angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," alisema.

"Basi umepigwa, dada," Kijiko alisema, akafumba macho.

Hasira yake ilianzia hapo, na haikuwa hasira ya kupiga kelele. Alirudi ofisini nayo, akapanda nayo lifti, akala nayo chakula cha mchana mbele ya kompyuta. Jioni alikuwa anamkuta mama anamkatia Kijiko nyama vipande vidogo, mwanamume mzima mwenye ndevu, anameza huku ameinamisha kichwa. Daktari alisema vidole vitakunjuka kidogo tu. Mama hakumlaumu binti yake kwa neno lolote, na bora angemlaumu.

Wala si hilo lililomwasha sawasawa. Lililomwasha ni bahasha iliyofika mezani pake mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha. Zabuni ya awamu ya pili: redio kwa vituo vyote vya nchi nzima. Alifungua kurasa za sifa. Kamera, ramani, kioo cha kugusa. Neno kwa neno. Hakuna aliyebadilisha hata nukta, kwa sababu awamu ya kwanza, kwa mujibu wa ofisi, ilipita bila kelele. Mkono wa Kijiko haukuwa kelele. Mkono wa Kijiko uliandikwa ajali kazini, ukapelekwa idara nyingine kabisa. Kama karatasi zile zingesainiwa, kila askari wa kila kituo angebebeshwa kifaa cha kumvua glavu.

Siku ya kikao cha tathmini alipita kituo cha zimamoto asubuhi, akaazima glavu. Aliziweka juu ya meza, kati ya chupa za maji na redio ya sampuli. Zilikuwa zinanuka moshi, na mhasibu akasogeza kiti.

"Kabla hatujatia saini," Bibi Kifungu alisema, "naomba kila mjumbe avae hizi, halafu aite msaada kwa redio hiyo."

Wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, hapendi kumkwaza mtu yeyote. Akavaa. Akagusa. "Halo, halo," akasema. Redio ikatulia kama jiwe. Akagusa tena kwa nguvu, jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Mtaalamu wa kompyuta akashauri kioo kifutwe kwa kitambaa. Kikafutwa. Halo, halo. Hakuna. Mwenyekiti akaanza kuchomoa mkono kwenye glavu.

"Usivue," Bibi Kifungu alisema. "Mdogo wangu alivua."

Mtaalamu wa kompyuta ndiye aliyevunja kimya, maana wapo watu ambao kimya kinawawasha. "Kuna glavu za kisasa," alisema, "zina ncha zinazokubali kioo. Zinaweza kutangaziwa zabuni yake."

"Za kuingilia motoni?"

"Hizo nilizoziona… zilikuwa za kuzuia baridi."

Bibi Kifungu alimtazama mpaka kijana wa watu akageukia dirisha.

"Dada yangu," Mwenyekiti alisema, glavu bado mkononi, "uchungu wako naujua. Lakini kuvaa glavu hakumo kwenye vigezo vya zabuni. Tukiongeza kigezo leo, mzabuni atatushtaki na atashinda. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hayo. Hapa hatupimi vifaa. Tunapima makaratasi."

Alisema kweli, na ndiyo maana damu ilimchemka Bibi Kifungu. Kama angekuwa mwizi angejua la kumfanya. Wezi aliwazoea. Huyu hakuwa mwizi, hakula senti ya mtu, alikuwa anafuata kanuni neno kwa neno kama yeye alivyomfundisha, na angewaunguza watu kwa adabu na sahihi nzuri chini ya ukurasa.

"Basi andikeni," alisema, akasimama. "Mimi nina ndugu wa tumbo moja katika zimamoto. Nina maslahi. Maslahi yangu ni mkono wake wa kulia. Kifungu kinanitaka nitoke nje, na ninatoka."

"Kaa, kaa, hatujasikia," Mwenyekiti alisema haraka. "Ukitoka akidi inavunjika. Mpaka ateuliwe mjumbe mwingine mwaka wa fedha umefungwa. Hela zinarudi hazina na zimamoto hawapati kitu kabisa. Ndicho unachotaka?"

"Wana zile za zamani. Zinakoroma, lakini zina kitufe kikubwa kama kizibo cha soda."

Akaivuta glavu kutoka mkononi mwa Mwenyekiti, akachukua na ya pili, akazibana kwapani, akatoka. Alipofika kwenye korido ndipo alipokumbuka ni nani mwingine aliyewahi kutoka kwenye mlango ule akiwa amezibana hivyo hivyo. Alisimama pale karibu na mashine ya maji iliyoharibika siku nyingi, amejaa hasira, na zaidi ya nusu ya hasira hiyo alijielekezea mwenyewe.

Hela zilirudi. Bibi Kifungu akapewa barua ya kujieleza, na meza yake ikahamishiwa kwenye chumba cha stoo, baina ya feni mbovu na viti visivyo na migongo. Watu waliokuwa wakimletea chai wakawa wanapita mbali. Mtu wa kwanza kumtembelea alikuwa Kamanda. Hakukaa, maana hapakuwa na kiti cha kubeba mtu wa ukubwa ule.

"Wanangu wanasema umetunyima redio," alisema.

"Nimewanyima zile."

"Mwaka jana ulinitoa mimi nje ya chumba. Mwaka huu umejitoa mwenyewe. Lini mtu mwenye akili atabaki ndani?" Hakuwa anatania. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Kutoka nje si kazi, mama. Mimi nikifika kwenye moto nikatoka nje, mtanipongeza?"

Hilo lilimuuma kuliko barua ya kujieleza, na alipomaliza kuumwa akaona mtu huyu ana haki. Kutoka nje kumezuia ubaya mmoja, mwakani utarudi na sifa zile zile zilizonakiliwa. Basi wakaanza kuzunguka, yeye na Kamanda, kutoka ofisi moja hadi nyingine, na hoja yao ilikuwa nyepesi mtu kuielewa: atakayetumia kifaa asaidie kuandika sifa zake, na kifaa kijaribiwe pale pale kitakapotumika, na mtumiaji mwenyewe, kabla ya kulipiwa. Apewe sauti kwenye majaribio, asipewe kalamu ya kusaini malipo, ili wezi wasipate mwanya. Mtoto wa shule angeielewa. Wakubwa hawakuielewa. Njoo kesho. Bosi ametoka. Acha nakala. Nakala tulizipoteza, leteni nyingine. Walipigwa danadana mpaka Kamanda akawa anasalimiana na walinzi wa milango yote kwa majina ya utani.

Kilichowafungulia mlango si hoja. Ni zile hela zilizorudi. Wakubwa wanaweza kuvumilia mkono ulioungua, lakini bajeti isiyotumika inawaaibisha. Bibi Kifungu akaitwa kueleza kwa nini zimerudi, akaweka glavu mezani na redio pembeni yake, akawaambia waite msaada. Mara hii alikuwa mbele ya watu ambao hawajazoea kushindwa na kitu, na kila mmoja wao alitaka kuonyesha kwamba yeye ataweza.

Waraka mpya ukatoka. Aliyeuandika ni yeye, pale stoo, na aliuandika kwa ustadi wake wote, kila tundu la mwizi limezibwa. Ukazinduliwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi, wajumbe wamevaa fulana zilizoandikwa MTUMIAJI KWANZA. Na nani aliyepewa kutoa mada? Mwenyekiti, yule yule, kwa sauti yake ya kubembeleza, akieleza jinsi alivyoivaa glavu kwa mkono wake na kuguswa. Watu wakapiga makofi. Bibi Kifungu alikaa nyuma, na fulana hakuivaa. Aliipeleka nyumbani, mama akaifanya tambara la kupigia deki.

Majaribio ya redio mpya yalifanyika kwenye uwanja wa mazoezi wa zimamoto, mbele ya chumba cha moshi, kile kijumba cha zege cheusi ambacho askari hujifunzia kupita gizani. Wazabuni wamepanga sampuli zao juu ya meza. Bibi Kifungu alikuja na Kijiko. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la sare lililopigwa pasi, vidole vya mkono wa kulia vimekunjika nusu na ngozi yake inang'aa. Alikuwa hajafika pale tangu ghala liungue.

Mwenyekiti aliwapokea getini kwa tabasamu, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, akapitisha tena. "Huyu hayumo," alisema.

"Huyu ndiye mtumiaji," Bibi Kifungu alisema. "Kwa ajili ya nani sote tuko hapa?"

"Naelewa, dada yangu, naelewa. Lakini alistaafishwa kwa sababu za afya. Na waraka unasema mtumiaji ni mtumishi aliye kazini." Alisita, na kwa haki ya Mungu nadhani aliona aibu. "Kifungu chako mwenyewe, Bibi."

Kilikuwa chake. Alikumbuka hata jioni aliyokiandika, alivyojipongeza kwa kuzuia watu wa nje wasijipenyeze kwa jina la watumiaji. Mkono ule ndio ulioleta waraka, na waraka unaufungia mkono huo geti, na mwenye ufunguo ni yeye. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka mbele za watu, machozi ya moto, hakuyafuta.

"Dada, twende nyumbani," Kijiko alinong'ona. "Basi tu."

"Andika," Bibi Kifungu alimwambia Mwenyekiti, "kwamba leo nimevunja kifungu. Andika jina langu kamili na herufi ziwe kubwa. Kesho nitakuja kujibu. Sasa ondoka getini."

Miaka yote ile ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Mwenyekiti akasogea. Kamanda alikuwa amesimama nyuma akisikia yote. Alitoa glavu yake ya kulia akampa Kijiko.

Kuivaa kulichukua muda. Vidole havikutaka kunyooka, Kijiko akavisukuma kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto huku ameuma mdomo, na wazabuni wenye suti zao wakasimama wanatazama, hawana pa kuweka macho. Bibi Kifungu alivaa glavu ya kushoto ya Kamanda, akabaki na redio ya pili ya kila sampuli upande wa nje. Kijiko akaingia kwenye moshi na redio moja ya kila sampuli, na mlango ukafungwa.

Sampuli ya kwanza haikutoa kitu. Ya pili ilikwaruza ikafa. Mzabuni wake akaanza kueleza kwamba betri haikujaa, Kamanda akamwambia anyamaze. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango na ndani hakukusikika hata kikohozi. Bibi Kifungu aliikodolea macho redio ya tatu, nyeusi, nzito, haina kamera wala ramani, ina kitufe kimoja kikubwa ubavuni. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alitamani kuvunja ule mlango.

Redio ikakoroma mkononi mwake.

"Dada," sauti ya mdogo wake ilisema, "umepika nini?"

Akabonyeza kitufe kwa glavu. Kikabonyezeka.

"Sijapika," alimjibu. "Nilikuwa nagombana na watu."